Unene wa mtoto aliyepona saratani si dalili ya afya

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda likaonekana geni katika ukurasa huu. Tumezoea kuandika habari za malaria, kuharisha, chanjo na utapiamlo. Leo tunazungumzia unene, tena unene wa watoto ambao wameugua saratani, wakatibiwa na wakapona. Tunajua wapo watakaouliza: hivi mtoto aliyeponea chupuchupu naye anahesabiwa kilo? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu.

Desturi yetu inafahamika. Mtu akirudi kutoka hospitali amekonda, majirani hunong'ona. Akirudi mashavu yamejaa, hupongezwa. Tangu UKIMWI uingie nchini katika miaka ya 1980, mawazo hayo yamezidi kujikita: mwembamba ndiye mgonjwa, mnene ndiye mzima. Kwa hiyo mtoto aliyepelekwa Muhimbili, Bugando au KCMC akiwa mifupa mitupu, akirejea kijijini baada ya miezi kadhaa na uso wa mviringo na tumbo la mbele, hupokelewa kwa vigelegele. Mama yake huambiwa, "Hongera, mtoto kapona kabisa, tazama alivyonenepa!" Na mama, ambaye amelala chini ya kitanda cha wodi kwa muda mrefu, anayo kila sababu ya kufurahi.

Sisi tunaompandisha mtoto huyo kwenye mizani tunaona jambo jingine. Maoni yetu ni kwamba unene huo aghalabu ni kazi ya dawa, wala si kazi ya afya. Usipoangaliwa mapema unaweza kumfuata mtoto hadi utu uzima, ukamletea kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa moyo, wakati moyo wenyewe pengine ulikwisha kuguswa na matibabu. Ni huzuni kubwa kumwokoa mtoto wa miaka 6 na saratani ya damu, kisha kumzika akiwa na miaka 35 kwa ugonjwa ambao ungeweza kuzuiwa.

Unene huu unatoka wapi? Tuanze na dawa ambazo wazazi wengi wanazifahamu kwa majina, yaani prednisoloni na deksamethasoni. Ni dawa za jamii ya steroidi. Katika saratani ya damu inayowapata watoto zaidi kuliko nyingine, lukemia ya limfoblasti, dawa hizi ni nguzo ya tiba. Mtoto hupewa kila siku kwa wiki 4 hivi za mwanzo. Baadaye, tiba inapoendelea kwa miaka 2 hadi 3, katika mipango mingi hupewa kwa siku 5 mara moja kila mwezi. Zinaua seli za saratani, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema ziachwe. Lakini zina tabia zake. Zinaamsha njaa isiyo ya kawaida. Tumewaona watoto waliomaliza sahani ya wali, na kabla chombo hakijaoshwa wanaulizia viazi. Wapo wanaomwamsha mama saa nane za usiku wakitaka ugali. Mama akisema hapana, mtoto hulia kilio cha kweli, kwa maana njaa ile si ya uongo, inatoka ndani ya mwili wake.

Dawa hizo hizo huhamisha mafuta na kuyarundika usoni, mgongoni chini ya shingo, na tumboni. Wakati huohuo hula misuli ya mapaja na mikono. Ndiyo maana utamwona mtoto ana tumbo kubwa lakini miguu yake ni miembamba na anapata shida kuinuka kutoka kwenye mkeka. Macho ya mtu wa kawaida yataona unene tu. Ukweli ni kwamba mtoto huyo ana mafuta mengi na nyama kidogo, yaani amenenepa na amedhoofika kwa wakati mmoja. Jambo hili tunaomba wazazi walielewe vizuri, kwa sababu ndipo kosa la macho linapoanzia.

Uso wa mviringo kwa kawaida hurudi ulivyokuwa baada ya steroidi kumalizika. Kilo hazirudi kwa urahisi namna hiyo. Wataalamu waliowafuatilia watoto wa lukemia katika nchi mbalimbali wameona kwamba wengi huongezeka uzito mwanzoni mwa tiba, na wengi wao hubaki na uzito huo miaka mingi baada ya tiba kwisha. Tena watoto wenye unene wa kupita kiasi wakati wa kutibiwa lukemia hawapati matokeo mazuri kama wenzao, na kwa baadhi yao ugonjwa hurudi. Hivyo unene huu hauwi salama hata kama mtoto bado yuko kwenye dawa.

Sababu ya pili ni mionzi ya kichwani. Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo pamoja na mambo mengine hutawala njaa na shibe. Karibu nayo ipo tezi ya pituitari, inayotoa homoni ya ukuaji na kuiamuru tezi ya shingo ifanye kazi. Mionzi ikizipiga sehemu hizo, mtoto anaweza kula bila kuisikia shibe, na mwili ukatumia chakula kidogo kuliko inavyopasa. Uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wasichana waliotibiwa lukemia kabla ya kufikia umri wa miaka 5, na kupigwa mionzi ya kichwa ya kiasi cha grei 20 au zaidi, uwezekano wao wa kuwa wanene kupita kiasi ulikuwa karibu mara 4 ukilinganishwa na ndugu zao wasiougua.

Kwa bahati nzuri mionzi hiyo imepunguzwa sana. Mwaka 2009 madaktari wa hospitali ya watoto ya St. Jude, huko Memphis, walitoa taarifa kwamba inawezekana kuwatibu watoto wa lukemia bila kuwapiga mionzi ya kichwa kwa kinga, mradi dawa zipangwe kwa uangalifu. Lakini mtu aliyetibiwa akiwa mtoto miaka ya nyuma, leo ana miaka 30 au 40 na analaumiwa kwa ulafi, pengine haipothalamasi yake ndiyo iliyoumia. Wapo pia watoto wenye uvimbe uitwao kraniofaringioma, unaoota mahali palepale. Hao, uvimbe wenyewe na upasuaji wa kuuondoa huweza kuharibu kituo cha shibe, na karibu nusu yao hupata unene mkubwa. Kuwaambia "jizuie kula" peke yake ni sawa na kumwambia kipofu atazame vizuri.

Si kila saratani huleta shida hii kwa kiasi kilekile. Limfoma ya Burkitt, ile ya taya na tumbo iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt kule Uganda mwaka 1958, tiba yake ni ya miezi michache na kwa kawaida haina mionzi ya kichwa. Mtoto wa namna hiyo akirudi nyumbani na kunenepa kidogo baada ya kukonda sana, twaweza kufurahi naye, ila tuendelee kumpima. Aliyeugua uvimbe wa figo na kubaki na figo moja, uzito na shinikizo la damu vina maana zaidi kwake. Kama pia alipigwa mionzi ya tumbo, kongosho huweza kuathirika akapata kisukari hata bila kuwa mnene wa kuonekana.

Halafu kuna miguu. Dawa iitwayo vinkristini huathiri mishipa ya fahamu. Unyayo hulegea, mtoto hujikwaa, hawezi kukimbia. Dawa hiyo inaweza kumfanya mtoto apende kukaa. Nyumbani wanamwambia usicheze, utaumia. Shuleni mwalimu, kwa huruma, anamtoa kwenye mchakamchaka na kumketisha kivulini alinde madaftari ya wenzake. Tiba inakwisha, miguu inapona, lakini kivulini hatoki. Mwaka wa tatu bado yuko kivulini, anakula karanga na kutazama wenzake wakicheza rede na chandimu.

Sasa tufike kwenye chakula, na hapa tunaomba tusomwe kwa subira. Wakati wa matibabu tunawahimiza wazazi wamlishe mtoto, na tutaendelea kuwahimiza. Watoto wengi hapa kwetu hufika hospitali wakiwa wamekwisha kudhoofu, na mtoto mwenye utapiamlo huzistahimili vibaya dawa za saratani. Uji wenye karanga, maziwa, mayai, dagaa, mafuta kidogo kwenye mboga, vyote hivyo ni sehemu ya tiba. Lakini agizo la kumlisha mtoto aliyekonda lina mwisho wake. Uzito wake ukishalingana na urefu wake, agizo linabadilika. Mama aliyeambiwa mwezi wa kwanza "mlishe sana" anapaswa kuambiwa mwezi wa nane kwamba sasa imetosha, na anayepaswa kumwambia ni yule mwenye mizani. Asipoambiwa, ataendelea kutii agizo la kwanza kwa miaka.

Na si mama peke yake anayelisha. Bibi humwekea mjukuu kipande cha pili cha nyama. Baba akitoka gulioni humletea maandazi, maana alikwisha kumlilia mtoto huyu kama maiti. Wanajumuiya wanapokuja kumtembelea mgonjwa hawaji mikono mitupu, na aghalabu mikononi mna soda na biskuti. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai 8 au 9 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote za chakula kwa siku. Kwa mtoto mdogo wa shule, chupa hiyo moja inakaribia kumaliza kiasi hicho chote. Jumuiya zetu zina upendo mwingi, na tungependa upendo huo uje na mapapai, machungwa, mayai au sabuni ya kufulia. (Na tuseme kweli, hata baadhi yetu wauguzi magauni ya kazi yamekwisha kutubana, lakini hayo ni ya toleo jingine.)

Wengine hudhani chakula cha kuzuia unene ni cha matajiri. La hasha. Mchicha, matembele, maharage, choroko, dagaa, kande, matunda ya msimu, vyote hivi vipo shambani au sokoni kwa bei ambayo familia nyingi huiweza. Vinavyomnenepesha mtoto vibaya ndivyo vinavyotoa fedha mfukoni kila siku: chipsi, soda, juisi za viwandani, pipi, maandazi ya mafuta mengi. Katika siku za steroidi, njaa inapokuwa kali, mama ajaze sahani mboga na maharage kwanza, ugali au wali ufuate kwa kiasi, na mtoto akiamka usiku apewe tango, karoti au uji usio na sukari nyingi. Chumvi nayo ipunguzwe, kwa sababu dawa hizo huzuia maji mwilini na kupandisha shinikizo la damu.

Tunakataza kwa nguvu mambo mawili. La kwanza ni kumkatiza mtoto steroidi kwa sababu ananenepa. Mwili uliozoea dawa hiyo ukinyimwa ghafla unaweza kuzirai na hata kufa, na saratani nayo inapata mwanya. Anayebadilisha dozi ni daktari tu. La pili ni kumfungisha mtoto njaa, au kumnywesha majani na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa stendi. Mtoto bado anakua. Mara nyingi yatosha uzito usimame pale ulipo, na urefu ukiendelea kupanda mtoto atajinyoosha mwenyewe.

Tulisema pengine moyo umekwisha kuguswa. Wazazi waliokaa wodini wanaikumbuka ile dawa nyekundu ya mshipani, doksorubisini. Ni dawa nzuri kwa saratani nyingi, lakini dozi zikijumlika huweza kudhoofisha misuli ya moyo, na udhaifu huo huweza kujitokeza miaka mingi baadaye, kwa wasichana wengine wakati wa ujauzito. Moyo wa namna hiyo haupaswi kuongezewa mzigo wa kilo 20 zisizo na kazi na shinikizo la damu juu yake. Kwa sababu hiyo sisi hatuuzungumzii unene huu kwa ajili ya urembo. Mtu mwingine mnene anao moyo mzima wa kuanza nao, huyu wetu pengine hana.

Sasa tulijibu lile swali. Wapo wanaosema kwamba katika nchi ambako watoto wengi wenye saratani hufa bila hata kufika hospitali, kuzungumzia kilo za waliopona ni anasa. Ni kweli kwamba pengo ni kubwa. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 hupona, na katika nchi nyingi za hali ya chini hawafiki 30. Lakini mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kufikisha angalau 60 kati ya 100 ifikapo mwaka 2030, na hata kabla ya kufika huko tunawaona waliopona wakiongezeka katika parokia zetu. Wamo kwenye kwaya, wamo sekondari, wengine wameoa. Nchi zilizotutangulia zilianza kuhesabu madhara haya baada ya watoto wao kuwa watu wazima. Sisi tuna nafasi ya kuanza wakiwa bado watoto, na kazi yenyewe haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji mizani, ubao wa kupimia urefu, mashine ya shinikizo la damu na kadi.

Tunachokitaka ni kwamba kila mtoto aliyemaliza tiba ya saratani apimwe uzito, urefu na shinikizo la damu kila baada ya miezi 3 katika zahanati au hospitali iliyo karibu naye, hata kama kliniki yake kubwa iko Dar es Salaam, Mwanza au Moshi na anakwenda huko mara moja kwa mwaka. Wauguzi wenzetu wa zahanati wasimrudishe wakisema "huyu ni wa Muhimbili". Uzito usiandikwe peke yake. Mtoto anayenenepa kwa chakula kingi tu kwa kawaida anaendelea kurefuka vizuri. Anayenenepa huku urefu umesimama anatutia wasiwasi kwamba homoni zina kasoro, na huyo apelekwe mbele haraka, kwa kuwa homoni ya tezi ya shingo ikipungua ipo dawa yake.

Nyumbani mzazi anaweza kutumia kamba, kwa mtoto aliyetimiza miaka 5 au zaidi. Apime kwa kamba urefu wa mtoto kutoka unyayo hadi utosini, aikunje katikati iwe nusu, kisha aizungushe hiyo nusu kiunoni juu kidogo ya kitovu. Ncha zikikutana bila kuvutwa, vema. Zisipokutana, aje tuonane. Na awe mwangalifu: mafuta ni laini yakishikwa. Tumbo gumu, linalouma, au lililovimba upande mmoja si unene, na huyo asingoje siku ya kliniki.

Walimu nao tunawaomba wamrudishe mtoto uwanjani. Daktari akishaupima moyo na kuridhika, watoto hawa wanaweza kukimbia, kuruka kamba, kulima bustani ya shule na kuchota maji kama wenzao, na ushauri wa sasa kwa watoto wote wa miaka 5 hadi 17 ni dakika 60 za kutoka jasho kila siku. Kama miguu bado ni dhaifu aanze kwa kutembea. Wenzake wasiruhusiwe kumwita tipwatipwa. Msichana wa darasa la saba aliyepoteza nywele, akapoteza mwaka wa shule, kisha akarudi na mwili asioutambua, akichekwa hatakwenda uwanjani, na wengine hawaendi hata shule.

Jambo la mwisho ni barua. Mtoto anapomaliza tiba, mzazi aombe barua ya hospitali yenye jina la ugonjwa, majina ya dawa zote na jumla ya dozi ya ile nyekundu, mahali palipopigwa mionzi na kiasi chake, na tarehe. Asiye nayo aiombe katika safari ijayo ya kliniki, hata kama miaka imepita. Bila barua hiyo, daktari atakayemwona akiwa na miaka 25 hatajua aanze kutazama wapi. Iwekwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa na cha ubatizo, mahali ambapo panya hawafiki, na mtoto akienda shule ya bweni nakala yake iende naye.